Kufunga, Kuunga na Kuambatana: Uhakiki wa Maneno Yetu ya Mimbarini Katika Nchi ya Dhahabu

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza jinsi vitu viwili au zaidi vinavyowekwa pamoja: kufunga, kuunga, kuunganisha, kuambatana, kushikamana, kufungamana, na mengine ya jamaa hiyo. Kamusi huyaeleza kwa kupokezana, neno moja likifasiriwa kwa jingine, na mhubiri mwenye haraka hutumia lile lililo karibu na ulimi wake. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba maneno haya hayawezi kubadilishana nafasi pasipo hasara, na kwamba katika mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu utokao Kahama kwenda Geita hasara hiyo haiwahusu wanafunzi wa lugha peke yao. Hatudai kwamba neno huua. Tunadai kwamba neno likitumiwa mimbarini bila uangalifu huweza kumthibitishia mtu dhana aliyokwisha kuipata kwa mpiga ramli, na kwamba katika sehemu hizi dhana hiyo imewaua wengi.

Uhakiki wetu utagusa mambo matatu: neno "kifungo" katika Biblia yetu ya Kiswahili, neno "kufunga" katika maombi ya siku hizi, na maneno tunayotumia kwa habari ya ndoa. Yote matatu yana chanzo kimoja. Tumelipa neno kufunga kazi za maneno mengine, nalo limeelemewa.

Maana za maneno

Kufunga ni tendo linalotoka nje ya kitu chenyewe. Mtu hufunga mzigo, hufunga mlango, hufunga ng'ombe. Katika kila tendo yuko anayefunga, kiko kinachofungwa, na ipo kamba, komeo au fundo. Kilichofungwa hakibadiliki, kuni zilizofungwa pamoja hubaki kuni moja moja, na kamba ikikatwa hutawanyika. Kutokana na maana hiyo lugha imelipeleka neno hili gerezani, kwenye saumu, uwanja wa mpira, na hata kanisani siku ya arusi.

Kuunga ni tendo la namna nyingine. Fundi huunga mbao mbili zikawa ubao mmoja. Mfupa uliovunjika huunga, na mgonjwa hutembea tena. Mama wa Shinyanga huunga mboga kwa karanga, na baada ya hapo hakuna awezaye kuzichambua karanga azitoe chunguni. Ndiyo maana sehemu ya mwili huitwa kiungo, na vikolezo vya chakula huitwa viungo. Masikio yetu yamekwisha kuijua tofauti hii bila kufundishwa. Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa dola moja tarehe 26 Aprili 1964, jambo hilo liliitwa Muungano. Makanisa saba ya Kilutheri yalipokuwa Kanisa moja tarehe 19 Juni 1963, tulisema yameungana. Hakuna aliyesema kwamba nchi hizo au makanisa hayo yamefungwa pamoja.

Kuambatana na kushikamana ni maneno ya kundi la tatu. Mwishoni mwake kuna kiambishi -ana, ambacho katika lugha yetu huonyesha kwamba tendo linakwenda na kurudi. Mtu huweza kufungwa asipotaka. Huweza kuunganishwa na mwingine kwa tendo la mtu wa tatu. Lakini hawezi kuambatana na mwenzake kwa kulazimishwa, wala mtu wa tatu hawezi kuambatana kwa niaba yake.

Kifungo cha amani

Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, walitumia neno "kifungo" kwa amani katika Waefeso 4:3, na kwa upendo katika Wakolosai 3:14. Neno la Kigiriki katika mahali pote pawili ni syndesmos, yaani kitu kishikacho vitu viwili pamoja. Yatupasa kuwatendea haki watafsiri hao. Kifungo katika Kiswahili ni jina la kitu chochote kifungacho. Hata kile cha shati huitwa kifungo. Aidha, katika Waefeso 4:1 Mtume Paulo anajiita mfungwa, kwa Kigiriki desmios, na mistari miwili baadaye anataja syndesmos. Maneno hayo mawili yana shina moja, na Biblia ya Union imeuhifadhi uhusiano huo kwa "mfungwa" na "kifungo". Mtu aliyefungwa kwa minyororo anawaandikia watu juu ya kifungo cha aina nyingine. Hiyo ni kazi nzuri ya kutafsiri, nasi hatutaki idharauliwe.

Hata hivyo, neno huishi pamoja na watu walitumialo. Msikilizaji wa leo hukutana na kifungo kwanza katika habari za mahakama: mshtakiwa amepewa kifungo cha miaka 30, mwingine amepewa kifungo cha nje. Kijana wa Nyarugusu au Rwamgasa akisomewa habari ya kifungo cha amani bila maelezo, anaweza kufikiri kwamba Kanisa linamwambia akae kimya asije akavuruga utulivu. Na yuko mwingine ambaye amekwisha kuambiwa hivyo na wakubwa wake kazini; naye ataona kwamba Mtume anasema kama wao.

Syndesmos limetokea mara nne katika Agano Jipya. Mbali na mahali pawili tulipotaja, liko katika Matendo 8:23, ambapo Petro anamwambia Simoni, yule aliyekuwa akifanya uchawi huko Samaria na kutaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, kwamba yumo katika kifungo cha uovu. Hapo kifungo ni tafsiri iliyo sawa kabisa, maana Simoni amenaswa. Mahali pa nne ni Wakolosai 2:19, panaposemwa habari za mwili na Kichwa chake. Hapo watafsiri wa Union wenyewe waliliacha neno kifungo wakaandika "mishipa", kwa sababu mwili haufungwi kwa kamba. Kwa hiyo walijua kwamba neno moja la Kigiriki laweza kudai maneno mawili ya Kiswahili. Tunachouliza ni kwa nini mwili wa Kristo katika Wakolosai 2 uwe na mishipa, na mwili ule ule katika Waefeso 4 uwe na kifungo, ilhali mstari wa 16 wa sura hiyo hiyo unataja kiungo waziwazi.

Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977, imeuchukua mkondo wa kuunga katika Waefeso 4:3 na Wakolosai 3:14. Kwa maana, tunaona imekaribia zaidi. Kwa sauti, imepoteza ule uhusiano wa mfungwa na kifungo. Kwa hiyo ushauri wetu si kubadili kitabu kinachosomwa madhabahuni. Mhubiri asome kifungo cha amani, kisha alifafanue kwa kiungo cha mstari wa 16, ili watu wajue kwamba amani inayosemwa hapo ni ile iufanyayo mkono kuwa wa mwili, hata maumivu ya mguu yakawa maumivu yake pia.

"Amefungwa": na nani?

Sasa twaja kwenye jambo zito zaidi. Katika mikutano mingi ya maombi, ndani na nje ya sharika zetu, husikika maneno haya: nyota yako imefungwa, riziki yako imefungwa, tumbo lako limefungwa. Mchimbaji ambaye duara lake halitoi kitu huambiwa vivyo hivyo. Kisha hutajwa Mathayo 16:19 na 18:18, na mwombaji huanza kufunga na kufungua kwa sauti kuu.

Lugha hii haikuzaliwa madhabahuni. Habari za nyota iliyofungwa ni maneno ya waganga, na watu waliyajua kabla hayajapewa mistari ya Biblia. Hatari yake imo katika sarufi yenyewe. Kauli ya kutendwa hudai mtenda. Nikisema duara limekauka, hakuna anayeuliza limekaushwa na nani. Nikisema duara limefungwa, swali la pili halina budi kuja: limefungwa na nani? Mhubiri huenda asilijibu. Anaweza kuomba, akasema amina, akarudi nyumbani. Lakini amemwacha msikilizaji na swali mkononi, na jirani yuko mtu ambaye kazi yake ni kulijibu.

Shinyanga inajua jinsi swali hilo lilivyojibiwa. Takwimu za serikali zilizochambuliwa na mtaalamu Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na uchawi. Zaidi ya nusu yao waliuawa Usukumani, na walio wengi walikuwa wanawake. Mara nyingi aliyetajwa alikuwa bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyowashwa miaka mingi na moshi wa jiko, hasa mahali ambapo kuni zimekwisha na watu hupikia kinyesi cha ng'ombe. Kuanzia karibu mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ikatajwa duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao viliuzwa kwa ahadi ya kuwafungulia wachimbaji na wavuvi njia ya utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wale waitwao wapiga ramli chonganishi. Jina hilo limechaguliwa vema. Kuchonganisha ni kinyume cha kuunganisha: ni kumwonyesha mtu jirani yake na kumwambia, huyu ndiye.

Je, tunakana kwamba zipo nguvu za uovu? Hasha. Agano Jipya linasema habari za mwenye nguvu ambaye sharti afungwe kwanza ndipo nyumba yake itekwe, Marko 3:27. Lakini mfungaji katika mfano huo ni Kristo mwenyewe, na aliyefungwa ni Shetani. Hakuna mahali katika mfano huo ambapo mfungaji au mfungwa ni mtu wa kijijini. Na Mathayo 18:18 haisemi habari za pepo. Kabla yake, kuanzia mstari wa 15, pana ndugu aliyekosa, na lengo ni kumpata tena. Baada yake, kuanzia mstari wa 21, Petro anauliza asamehe mara ngapi. Kufunga na kufungua mahali hapo ni kutomwondolea mtu dhambi na kumwondolea, kama Yohana 20:23 inavyoeleza.

Kwetu Walutheri jambo hili si geni. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, linaeleza mamlaka ya funguo kuwa ni agizo la kuhubiri Injili, kuondoa na kufunga dhambi, na kutoa sakramenti. Mwaka huo huo Martin Luther aliandika kitabu kizima juu ya funguo, akipinga wale waliolifanya neno kufunga kuwa ruhusa ya kutunga sheria na kuwatwisha watu dhamiri nzito. Katika siku zake neno lilivutwa kuelekea sheria. Katika siku zetu linavutwa kuelekea ramli. Katika hali zote mbili aliyekuja na dhambi na majonzi yake haondoki na lile ambalo funguo zilitolewa kwa ajili yake, yaani msamaha.

Mwanamke aliyepinda

Andiko ambalo tungependa lihubiriwe zaidi katika nchi hii ni Luka 13:10-17. Mwanamke amepinda mgongo miaka 18, hawezi kujinyosha kabisa. Umri wake hautajwi. Lakini katika vijiji vyetu mtu wa umbo lile angetazamwa kwa shaka, tena huenda yeye ndiye angekuwa jibu la swali la nani. Bwana Yesu analitumia neno kufunga bila kusita, na mtenda amemtaja: Shetani ndiye aliyemfunga. Hamtaji jirani, hamtaji mke mwenza, wala haulizi habari za ukoo. Kauli ya kutendwa imepewa mtenda wake papo hapo, na mlango wa ramli umekomewa.

Namna ya kumfungua nayo yafaa tuiangalie. Bwana hamkemei pepo kwa maneno mengi. Anamwita mwanamke mbele, anamwambia amefunguliwa, anamwekea mikono. Kisha anamtetea mbele ya mkuu wa sinagogi kwa mfano ambao Msukuma hahitaji kufafanuliwa: kila mtu humfungua ng'ombe wake siku ya sabato ampeleke kunywa maji. Kigiriki kinatumia kitenzi kile kile, lyō, kwa ng'ombe na kwa mwanamke. Mfugaji anayeamka alfajiri kumfungua ng'ombe aliye na kiu, naye akaona bibi kizee aendelee kufungwa na hofu ya kijiji kizima, amehukumiwa na mkono wake mwenyewe.

Zaidi ya hayo, Bwana anamwita binti wa Ibrahimu. Kumfungua hakukutosha, alimrudisha katika ukoo. Aliyefunguliwa na kuachwa peke yake bado yumo hatarini. Hapa kufungua na kuunga vimekutana, na mhubiri atakayevitenganisha ataliacha andiko nusu.

Ndoa katika machimbo

Jambo la tatu ni ndoa. Desturi yetu ni kusema kwamba bwana na bibi arusi wanafunga ndoa, na mchungaji anawafungisha. Maneno hayo ni ya halali, nasi hatutayaacha. Lakini Maandiko yanaweka maneno matatu mahali ambapo sisi tumeweka moja. Katika Warumi 7:2 na 1 Wakorintho 7:39, mke amefungwa: hapo panasemwa habari za sheria. Katika Mathayo 19:6 anayeunganisha ni Mungu. Katika Mwanzo 2:24 mume huambatana na mkewe, na Kiebrania chake, dabaq, ndicho kilichotumika pia kwa Ruthu alipokataa kumwacha Naomi. Sheria hufunga, Mungu huunganisha, na wawili wenyewe huambatana.

Katika machimbo tofauti hii inaonekana kila siku. Mwanaume ameacha mke kijijini Maswa au Kwimba, amefuata rashi ya dhahabu, na sasa anaishi na mwanamke mwingine karibu na duara. Rashi ikiisha, atahama tena. Wachimbaji wana neno lao, kukamatisha: unga wa mawe yaliyosagwa huchanganywa na zebaki, nayo zebaki huikamata dhahabu, vikawa donge moja. Mwenye kulitazama angedhani vimeungana. Lakini donge likipelekwa motoni, zebaki huondoka kwa mvuke wenye sumu, na dhahabu hubaki peke yake. Maisha mengi ya pamoja machimboni ni ya namna hiyo, na mara nyingi anayebaki na sumu kifuani ni mwanamke na watoto.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, imejaribu kuwasaidia kwa dhana kwamba waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kutambuliwa kuwa mke na mume wamefunga ndoa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kanisa nalo huwakusanya waliokuwa wakiishi bila ndoa, likawafungisha na kuwarudisha kundini. Kazi hiyo ni njema. Tatizo ni kwamba mara nyingi huishia katika kufunga. Cheti kimeandikwa, takwimu za usharika zimeongezeka, na hakuna aliyeuliza kama yuko mke wa kwanza anayesubiri kule kijijini, wala kama wawili hawa wanaambatana. Kadhalika katika nidhamu: yule aliyefungiwa Meza ya Bwana tunayemwona kila Jumapili kwenye benchi la nyuma kwa kawaida ni mwanamke. Mwanaume amekwisha kufuata rashi nyingine, wala hakuna barua iliyomfuata. Kufunga kunakomkuta tu yule asiyeweza kuhama si kufunga kunakosemwa katika Mathayo 18.

Mapendekezo

Tunapendekeza mambo manne kwa wachungaji, na kwa wanafunzi watakaopelekwa katika sharika za ukanda huu.

Kwanza, kila atumiapo neno "amefungwa", mhubiri ataje papo hapo ni nini au nani amefunga: dhambi, deni, ugonjwa, hofu, Shetani. Kama hawezi kutaja, asilitumie.

Pili, anayekuja kulalamika kwamba riziki yake imefungwa asikilizwe kwa utulivu, aulizwe habari za mgawo wake, madeni yake na afya yake, na aombewe pamoja na jirani zake kwa majina, hasa wazee. Ni vigumu kumshuku bibi kizee ambaye umemwombea heri mwenyewe kwa sauti.

Tatu, katika mafundisho ya ndoa yafundishwe maneno yote matatu, na mafundisho yaendelee baada ya arusi. Mchungaji awaandikie wenzake wa sharika za vijijini ili mwanaume aliyehama asipotelee njiani.

Nne, vyuo vyetu viufundishe uhakiki wa maneno ya Kiswahili kwa bidii ile ile tunayoitia katika Kigiriki na Kiebrania. Mwanafunzi anayeweza kueleza deō na lyō, lakini hajapata kujiuliza mchimbaji wa Geita husikia nini asikiapo "kufunga", hajamaliza masomo yake ya ufafanuzi wa Maandiko.

Katika Isaya 58 Bwana anawajibu watu waliofunga saumu na kulalamika kwamba hawaonekani. Anawaambia kwamba saumu aliyoichagua ni kufungua vifungo, na kisha anataja kazi zake: kumgawia mwenye njaa chakula, kumleta maskini nyumbani, kumvika aliye uchi. Waombaji wa Shinyanga na Geita wanaokesha na kufunga ni wengi, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Nguvu hiyo ya maombi ikielekezwa kwenye nyumba za wazee wanaolala kwa hofu, na kwa familia za watu wenye ualbino, maneno tuliyoyahakiki hapa yatapata mfasiri bora kuliko makala yetu.